Miezi minane na programu ya kufuatilia nyufa za mitambo: uzoefu wangu

Nasimamia mitambo saba kwenye yadi moja hapa Industrial Area, Nairobi: eskaveta, shoveli na greda. Miaka yote nyufa tulikuwa tunaziwekea alama ya chaki kwenye chuma, halafu tunaziandika kwenye daftari. Mvua ikinyesha chaki inakwenda na maji, na daftari linashinda mfukoni mwa fundi wa zamu.

Mwezi wa tatu tukaanza kutumia programu ya simu. Unafungua mchoro wa mtambo, unagusa mahali penye ufa, unapiga picha na rula ikiwa imelazwa kando yake, unaandika urefu pamoja na saa za injini, yaani saa ambazo imeshafanya kazi. Bila saa haihifadhi kitu. Hapo ndipo iliponikamata. Ufa wa milimita 40 peke yake hauniambii mengi. Ufa uliokuwa 40 saa mia mbili zilizopita na leo umefika 65 unaniambia mtambo huo usipelekwe Njiru kuvunja mawe wiki hii, maana chuma kilichochoka hupasuka kwa kasi zaidi kadiri ufa unavyorefuka. Na kule chini machimboni hata mtandao usiposhika, picha zinakaa kwenye simu mpaka mrudi.

Mwezi wa sita, eskaveta ya tani 20 ilirudi na mstari mwembamba kama unywele kwenye mkono mkubwa, karibu na pini ya silinda. “Mkubwa, huo ni mkwaruzo wa rangi tu,” opereta akaniambia. Tukaosha ule udongo mweusi wa Embakasi unaonata kama gundi, tukasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, tukapuliza dawa nyekundu inayopenya ndani ya nyufa. Dakika 15 baadaye tukaipangusa, tukapuliza ile nyeupe inayovuta nje wekundu uliobaki ndani ya ufa. Wekundu ukaanza kuchuruzika polepole juu ya weupe, mrefu mara mbili ya tulichokiona kwa macho. Opereta akanyamaza. Kazi hiyo ilifanywa na mikono yetu, na hilo nalisema wazi kwa sababu muuzaji aliinadi simu kana kwamba inaona yenyewe.

Kinachoniudhi ni hiki: ukishachomelea unaufunga ufa kwenye programu, na kumbukumbu zake zinafungwa nao. Ule wa eskaveta ulirudi baada ya saa 300, pembeni kabisa ya weldi, programu ikauhesabu kuwa mpya. Haukuwa mpya. Fundi alikuwa amechomelea juu juu, hakuuchimba mpaka mwisho wake wala hakukipasha chuma moto kwanza. Nimewaandikia wenye programu mara mbili, bado nasubiri jibu. Kwa sasa kila ufa tunaurudishia namba yake ya zamani kwenye maelezo, kwa mkono.

Mkono ule tuliuchimba upya, ukachomelewa kwa rodi za 7018, zile zisizotakiwa kushika unyevu, zilizotoka moja kwa moja kwenye oveni. Leo asubuhi nimepiga picha pale pale, rula pale pale. Saa 180 tangu tuuchomelee, na chuma bado ni kizima.