PhET darasani: niliyoyaona kwenye mazoezi ya kufundisha Fizikia

Nimemaliza wiki nane za mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, Fizikia kidato cha pili. Wenzangu wa chuo wamekuwa wakiniuliza kuhusu PhET, nikaona niandike, hasa kuhusu mada ya umeme, maana huko ndiko nilikoitumia zaidi.

PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza unayoyafungua kwenye kompyuta au simu. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure. Kilichonivuta zaidi ni kwamba jaribio linapakuliwa kama faili moja, unaliweka kwenye flashi na linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Nilipakua nikiwa chuoni, na shuleni sikuhitaji bando hata siku moja. Baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Nilitumia ya Kiingereza kwa kuwa mtihani unakuja kwa Kiingereza, lakini majadiliano tuliyafanya kwa Kiswahili, na sijutii.

Kipindi cha kwanza hakikwenda vizuri. Niliazima projekta kwa mwalimu wa taaluma, tukaziba madirisha kwa vitenge, nikaunda saketi mbele ya wanafunzi 62. Waliona elektroni, vidude vya bluu, zikitembea ndani ya waya. Nilipounganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu na betri ikawaka moto kwenye skrini, darasa zima lilipiga kelele za furaha. Jioni nikasahihisha madaftari. Zaidi ya nusu walikuwa wameandika kwamba balbu ya kwanza inakula umeme na ya pili inapata mabaki. Dakika 40 za kutazama hazikuigusa dhana hiyo hata kidogo. Kipanya nilikishika mimi mwanzo hadi mwisho, na aliyekuwa akiongea ni mimi.

Mwalimu wa somo aliyenipokea, mama aliyefundisha miaka mingi, alisoma andalio langu la somo akaniambia, "Mwalimu, mbona unawapa jibu kabla hawajakisia?"

Kipindi kilichofuata niliweka balbu mbili kwa mfululizo, betri ya volti 9, amita (kifaa cha kupima mkondo wa umeme) moja kabla ya balbu ya kwanza na nyingine baada ya balbu ya pili. Swichi niliiacha wazi. Kila mmoja akaandika makisio yake, kisha binti mmoja akaja kufunga swichi. Amita zote mbili: ampea 0.45. Darasa likatulia. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo amita ya pili ni mbovu." Nikamwita aje akague mwenyewe. Akaihamisha katikati ya balbu: 0.45. Akatoa balbu moja, akaunganisha waya tena: 0.90. Akabaki amesimama pale, mkono juu ya kipanya, halafu akauliza swali ambalo nisingeweza kulipanga kwenye andalio: "Sasa kama umeme hauliwi, kwa nini betri inaisha?"

Muda wote uliobaki tuliutumia kwa swali hilo. Elektroni hazipungui, kinachotolewa kwenye balbu ni nishati, na nishati hiyo inatoka kwenye kemikali za betri. Nimelieleza jambo hilo ubaoni mara kadhaa, lakini sijawahi kuona wanafunzi wakilidai kama siku ile.

Kasoro ipo, na ni kubwa kwa anayetaka kutegemea PhET peke yake. Mle ndani kila kitu ni kisafi mno. Balbu zake za kawaida zina ukinzani wa ohm 10 usiobadilika, zote mwanga sawa. Tulipochukua betri za tochi na balbu halisi za maduka mawili tofauti, moja ikawaka hafifu. Papo hapo wakarudi kwenye imani ya zamani: "Si unaona, ya kwanza imekula!" Tukazibadilishana nafasi. Iliyokuwa hafifu ikabaki hafifu hata ilipotangulia. Hapo ndipo walipoamini, na waliamini kwa sababu walizishika kwa mikono yao.

Pia elektroni za kwenye skrini zinaonekana kubwa kama punje za njegere. Usiposema wazi kwamba huo ni mchoro tu, kuna watakaobeba picha hiyo hadi kidato cha nne. Na baada ya ile betri kuwaka moto, kabla hawajatoka niliwakataza kujaribu chochote kwenye soketi ya nyumbani. Lisemeni hilo kila mara.

Umeme ulikatika mara mbili katikati ya somo. Projekta ikazimika, kompyuta mpakato ikaendelea kwa betri yake, nikawaita kwa makundi ya watu wanane. Ukweli ni kwamba makundi yale yalijifunza kuliko darasa zima lililotazama ukutani, kwa kuwa kila kundi lilishika kipanya.

Ningeipendekeza kwa mwalimu yeyote wa Fizikia, hata mwenye kompyuta moja tu. Flashi nimeiacha kwa yule mama, pamoja na betri sita na balbu kumi ndani ya boksi la viatu.