Unataka fowili ya dizeli ya familia hapa Mtwara? Tazama hii kabla hujatoa hela

Habari zenu ndugu zangu wa Mtwara, wa Lindi, wa Masasi, na nyinyi mlioko mbali lakini kwenu ni Kusini. Hela ya korosho ikianza kuingia, swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Kaka, nataka fowili (gari la 4WD) ya dizeli, iliyotumika, ya familia, ya kutembelea kila siku. Nichukue ipi?" Leo nalijibu. Nyuma yangu hapa kuna Toyota Prado, ile ya umbo la mwaka 2002 hadi 2009, na nimemwomba mwenye nayo asiiwashe tangu jana jioni. Sababu yake mtaiona.

Lakini kabla sijafungua boneti nikuulize wewe kwanza. Jumatatu mpaka Ijumaa gari hili litakwenda wapi? Usinijibu habari za sikukuu. Niambie za siku ya kazi.

Ukiniambia ni kutoka Shangani kupeleka watoto shule, kupitia Ligula, kurudi sokoni, nyumbani, basi, mimi nakwambia bila kuzunguka: usinunue dizeli. Chukua gari la petroli, hata kama ni fowili. Injini ya dizeli inachelewa kupata moto. Ukiizima kabla haijapata moto vizuri, ukafanya hivyo asubuhi na jioni mwaka mzima, masizi yanajikusanya kwenye njia za hewa na kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Gari linaanza kuwa zito, linatoa moshi mweusi, na fundi anaanza kukuzoea. Spea za dizeli ni ghali kuliko za petroli, na kile unachookoa kwenye mafuta kwa mizunguko ya mjini hakifiki bei ya nozeli moja, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini.

Ila kama una shamba Tandahimba, bibi wa watoto yuko Newala, mara kwa mara unampeleka mtu hospitali Ndanda, au Dar unakwenda na familia nzima na mizigo juu, hapo dizeli ndiyo mahali pake. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Prado hii ina tangi la lita 87, na kwenye lami ukienda kwa utulivu inakupa kilomita 9 mpaka 11 kwa lita. Unajaza hapa, unafika, na mafuta yanabaki. Na ikiwa na watu saba na magunia, kupanda mlima haihangaiki kama petroli ya 2.7.

Kuna wanaoniambia wanataka fowili kwa sababu ya yale yaliyotokea Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga. Jamani, nawaomba tuelewane. Daraja likisombwa, hakuna fowili inayopita. Walikwama wenye malori, wenye mabasi na wenye V8. Fowili inakusaidia kwenye mchanga, kwenye tope, kwenye kokoto za kupanda. Maji yanayotembea usiyaingie na watoto, gari liwe la bei gani.

Haya, twende kwenye gari lenyewe. Sogea hapa na kamera. Hiki kibati kinaonyesha namba ya chesisi, na kwa gari la Japani herufi zake za mwanzo ndizo zinazosema ukweli ambao dalali hausemi. Hii imeandikwa KDJ. Hiyo KD ni injini ya 1KD, dizeli ya lita 3.0 ya D-4D, jina ambalo Toyota wanazipa dizeli zao. Ukikuta KZJ, hiyo mara nyingi ni Prado ya zamani kidogo, ile ya toleo linaloitwa 90, yenye injini ya 1KZ, nayo ni dizeli ya lita 3.0. GDJ ni injini mpya ya 1GD ya lita 2.8. TRJ na GRJ ni petroli, hata kama aliyekuuzia amebandika stika ya D-4D nyuma.

Na hapa kuna jambo ambalo kila anayeagiza gari Japani alijue. Toyota waliacha kuuza Prado ya dizeli ndani ya Japani mwaka 2007, wakairudisha mwaka 2015 na injini ya 1GD. Katikati hapo, Prado zote za soko la Japani ni petroli. Kwa hiyo mtu akikwambia ana Prado ya dizeli ya 2011 "kutoka Japani moja kwa moja", muulize vizuri. Dizeli za miaka hiyo zenye usukani wa kulia nyingi zimetoka Uingereza, au ziliuzwa zikiwa mpya nchi kama yetu. Si dhambi kutoka Uingereza, lakini wale wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inaingia ndani ya chesisi. Halafu gari lenyewe linakuja kuishi Mikindani, mita chache kutoka baharini. Hapo utaona mwenyewe.

Basi tuiwashe. Weka mkono juu ya boneti kwanza. Ya baridi kabisa. Ukifika kwa muuzaji ukakuta boneti ina joto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na usimwone mbaya, ila urudi kweli. Maana ugonjwa mkubwa wa 1KD unajificha injini ikishapata moto.

Washa, kaka. Sikilizeni... Hiyo ni sauti ya dizeli ya kawaida, inagonga kidogo kisha inatulia. Ingekuwa inagonga kwa nguvu upande mmoja na kutoa moshi mweupe unaokaa, hapo ningeanza kushuku nozeli. Nozeli za injini hii zinafanya kazi kwa msukumo mkubwa mno, na kila moja imekaa juu ya washa, kipete kidogo cha shaba cha kuzibia. Washa hiyo ikichoka, moto wa ndani ya silinda unapenya pembeni, masizi yanashuka kwenye oili, na yanakwenda kuziba kichujio kilicho chini kabisa kwenye sampu, bakuli la oili, pale pampu ya oili inapovutia. Oili haipandi tena. Injini inakufa, na mwenye gari anasema "lilikuwa zima tu jana".

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, kama ninavyofanya hapa. Mvuke kidogo si neno. Ukisikia pumzi inasukuma kwa midundo, mkono unarushwa, ondoka. La pili, lipa fundi mwenye mashine ya kupima aunganishe, asome marekebisho ya nozeli zote nne, yaani mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila moja, injini ikiwa ya moto na iko sailensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba zikae karibu na sifuri na zisitofautiane sana. Moja ikiwa imekimbia mbali na wenzake, hiyo ndiyo inayokungoja. Na ukishanunua, mwambie fundi afungue sampu aangalie kichujio kile. Kwa bei ya gari zima, kazi hiyo ni ndogo.

Nozeli mpya zote nne, dukani, ni hela inayouma. Ndiyo maana nasema: gari ambalo mwenyewe ana risiti za nozeli na washa zake, hata likiwa limepigwapigwa rangi, mimi nalipenda kuliko linalong'aa halina karatasi hata moja.

Mkanda wa taimingi. Kwa zile za Japani taa ya T-BELT inawaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na watu wanazima. Kwa hiyo taa kutowaka si ushahidi. Ushahidi ni risiti, au ufungue uuone mkanda. Kama huna uhakika, badilisha wiki ya kwanza.

Sasa ile ya 90, yenye 1KZ. Naipenda. Pampu yake mafundi wetu wanaifahamu, haina nozeli za masharti, na bei yake ni rafiki kwa kijana anayeanza familia. Lakini ikichemsha hata mara moja, silinda hedi inaweza kupasuka. Huo ndio udhaifu wake. Fungua rejeta ikiwa ya baridi, uangalie maji: yasiwe na mafuta juu yake. Liwashe, uone kama yanatoa mapovu yasiyokwisha. Halafu usilijaribu gari hilo kwenye barabara tambarare ya uwanja wa ndege ukaridhika. Lipeleke kwenye mlima. Ukiwa Masasi, panda nalo Newala likiwa na watu, AC imewashwa, macho kwenye mshale wa joto. Mshale ukipanda hata kidogo kupita kawaida yake, umepata jibu.

Hizi mpya za GDJ ni tamu kuendesha, sibishi. Lakini zilizotoka Japani zina DPF, chujio la masizi, na zinatumia AdBlue, kimiminika kinachojazwa kwenye tangi lake pekee. Chujio lile linajisafisha gari likitembea mwendo mrefu bila kusimama. Mizunguko ya Shangani na Chikongola hailisafishi. Na AdBlue ikiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Kama huna pa kuinunua kwa uhakika hapa mjini, hilo si gari lako kwa sasa.

Mkonga, ile Land Cruiser hardtop ya kazi? Najua mnaipenda, hata mimi. Injini ya 1HZ ya lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta ya kukusumbua, na nyingi zinapatikana kwenye minada ya magari ya miradi. Kwa shamba, kwa kazi, sina neno. Kwa watoto, hapana. Zile zenye viti vya kuangaliana kule nyuma, mtoto anakaa ubavu, mara nyingi bila mkanda wa maana. Ukifunga breki ghafla pale Mnazi Mmoja, anaruka. Hapo sina mjadala na mtu.

Pajero ya 3.2 ni gari zuri na taimingi yake ni cheni, ila hakikisha una fundi anayeijua. Nissan Patrol zenye injini ya ZD30 za mwanzoni zina historia ya kuunguza pistoni. Discovery 3 inatembea kama uko sebuleni, lakini spea utaifuata Dar, na shokapu zake za hewa hazitakusamehe.

Tulale chini sasa, ndiyo sehemu ninayotaka muione vizuri. Washa tochi. Hapa nyuma, pale mikono ya eksili inaposhikana na chesisi, nagonga kwa nyundo ndogo. Sikilizeni: tii, tii, chuma kizima. Hapa... du. Sauti imekuwa nzito. Nachokoa na bisibisi, magamba yanadondoka. Bado haijatoboka, lakini imeanza. Angalieni na bomba hili la breki linalopita juu ya chesisi, limevimba kutu. Hili likipasuka huna breki. Na juu ya yote hayo chesisi imepuliziwa rangi nyeusi mpya, inang'aa. Chesisi ya gari la umri huu iking'aa hivi, chokoa zaidi.

Hii ndiyo kazi ya pwani yetu. Watu wanakwenda Msimbati, wanaingiza gari ufukweni, wanapiga picha, wanarudi, wanaosha bodi tu. Maji baridi yaende chini, ndani ya matundu ya chesisi, siku ileile.

Jambo lingine ambalo wanunuzi hawalijaribu ni hii gia ndogo. Prado hii magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, ila ukiingia mchangani unaifunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kwa kuweka HL, na ikizidi, LL, ambayo ndiyo gia ndogo yenyewe. Naweka HL... taa inapepesa. Bado inapepesa. Sogeza gari mbele kidogo, rudi... imeshika, taa imetulia. Inapepesa hivi kwa sababu miaka haijaguswa na mota yake inaanza kuganda. Isingeshika kabisa, ningekata bei. Ukinunua, ichezeshe kila mwezi kwenye mchanga au vumbi, usifanye hivyo kwenye lami kavu.

Karatasi kwa haraka: namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia au awe na maandishi ya mwenye nalo, na uangalie kama kuna faini za barabarani. Kwa anayeagiza, gari lililovuka miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela Japani.

Hukumu yangu kwa hii iliyo nyuma yangu. Injini nimeipenda, imewaka vizuri na haipumui. Gia ndogo inarekebishika. Kutu ndiyo inanirudisha nyuma. Kwa bei aliyoitaja mwenyewe sinunui. Akiondoa gharama ya kubadilisha mabomba ya breki yote na kuchomelea pale nyuma kwa fundi anayeaminika, na kazi hiyo ifanyike kabla watoto hawajapanda, nachukua. Nimemwambia hivyo uso kwa uso, na amesema anafikiria mpaka Jumamosi.

Kama una gari unalolifuatilia, niandikie hapo chini herufi tatu za mwanzo za chesisi na uniambie siku zako za kazi unakwenda wapi. Nitakujibu.