Mafundi wa bustani waliotengeneza kiwanja chetu cha Keshero

Kiwanja chetu, kama viwanja vingi vya Goma, ni mwamba mweusi wa volkano wenye udongo haba juu yake, kwa hiyo tuliwaita mafundi hawa tukiwa na mashaka. Kabla ya kutaja bei, walizunguka kiwanja chote, wakatazama maji ya mvua yanakopita, kisha wakatuuliza ni nani atakayemwagilia wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo sisi hununua maji kwa bidoni. Swali hilo ndilo lililoamua mpango mzima.

Badala ya kutandaza nyasi kila mahali, walipanda paspalamu kidogo mbele ya baraza tu, na sehemu iliyobaki wakaifunika kwa kokoto za lava, ambazo hupitisha maji haraka na kutuepusha na matope mlangoni. Kuta fupi za mawe yaleyale, zilizojengwa kwa ustadi ambao bado naustaajabia, zinashikilia udongo ulioletwa kwa lori. Kando ya lango wameotesha bugenvilia, ua lisilodai maji mengi likishashika mizizi, na sasa wapita njia husimama kulitazama.

Kasoro kubwa ilikuwa udongo wenyewe: ulijaa mbegu za magugu, tukapalilia kwa miezi miwili. Walirudi kusaidia bila malipo. Leo kazi yote humalizika kwa saa moja kila Jumamosi. Nitawaita tena, ila udongo nitaukagua mwenyewe kabla haujashushwa.