Kutuma Maoni Bungeni au Kuandamana?

Mkenya asiyeridhika na mswada ana njia mbili kubwa, na zote zimo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 37 kinampa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Cha 118 kinalitaka Bunge limshirikishe katika kutunga sheria.

Kutuma maoni hakumwagi damu. Unaandika memoranda, unataja ibara unayoipinga, unapendekeza maneno mbadala, unaituma kwa karani wa Bunge. Tatizo ni jinsi shughuli yenyewe inavyoendeshwa. Tangazo hutoka gazetini, na kikao kikiitishwa asubuhi katikati ya wiki, mama wa soko la Gikomba yuko kibandani akipanga mitumba yake. Mswada nao ni kurasa tele za Kiingereza cha mawakili. Atausoma saa ngapi?

Barabara husikika haraka. Wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiwa wamejaa katikati ya jiji la Nairobi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Lakini siku ile ya tarehe 25 waandamanaji waliuawa kwa risasi, na hakuna kodi duniani inayostahili gharama hiyo.

Mimi naanza na karatasi. Memoranda yenye muhuri wa kupokelewa inaweza kuwa ushahidi mahakamani, iwapo Bunge litadai lilitusikiliza. Likiipuuza, nitashuka Moi Avenue mchana, pamoja na wenzangu, nambari ya wakili ikiwa imeandikwa mkononi kwa kalamu isiyofutika.