Postikadi za michoro ya dhahania madukani Dodoma: nunua sita, acha nne

Katikati ya jiji la Dodoma, kwenye maduka ya vitabu na vifaa vya ofisi yaliyo kati ya Nyerere Square na Soko la Majengo, inauzwa pakiti ya postikadi 10 za michoro ya kisasa ya dhahania. Pakiti ni shilingi 25,000, na wenye duka wanaokubali kuifungua huuza kadi moja kwa 3,000. Lipa kwa kadi moja moja. Sita zimechapwa vizuri kweli, nne zinamdanganya mtazamaji.

Picha yenye uso wa mtu au nyumba huvumilia uchapaji mbovu, kwa sababu jicho linajua ngozi na bati vina rangi gani, linajisahihishia lenyewe. Mchoro wa dhahania hauna msaada huo. Umejengwa kwa rangi, kingo na uwiano tu, kwa hiyo ukingo ukikatwa au bluu ikififia, mnunuzi amepewa mchoro mwingine chini ya jina la mchoraji yuleyule.

Kadi ni za A6, milimita 148 kwa 105, karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Mbele zina lamineshi (utando wa plastiki) isiyong'aa, nyuma ni karatasi tupu. Kipimo hicho ndicho chanzo cha ugomvi wa kwanza, kwani wachoraji hawakuchora kwa A6. Composition VIII ya Wassily Kandinsky, ya mwaka 1923, ina takriban sentimita 140 kwa 201. Uwiano wake unakaribia sana wa kadi, hivyo imejaa ukingo hadi ukingo na kupoteza kama milimita mbili tu. Angalia duara kubwa jeusi la pembe ya juu kushoto: ukungu wa waridi unaolizunguka unafifia polepole bila kufanya ngazi. Kadi yake nyingine, Several Circles ya 1926, ni mraba, na mchapaji amefanya lililo sahihi kwa kuacha pambizo nyeupe badala ya kukata maduara ya pembeni.

Jackson Pollock hakupata heshima hiyo. One: Number 31, ya 1950, ina upana wa takriban sentimita 531 na urefu wa 270. Ili ijaze A6, zaidi ya robo ya upana wake imekatwa. Hata isingekatwa, ingepunguzwa mara 36 hivi. Uchapaji wa ofseti hujenga picha kwa nukta, na kwenye kazi nzuri ya vitabu nukta hizo hupishana kwa kama milimita 0.15. Mchirizi wa rangi wenye unene wa nusu sentimita kwenye turubai unabaki nukta moja kwenye kadi, na michirizi myembamba zaidi inayeyuka ikawa kijivu. Kwa Pollock michirizi ndiyo mchoro wenyewe. Acha kadi hiyo.

Piet Mondrian ndiye bora katika pakiti. Composition with Red, Blue and Yellow ya 1930 ni turubai ndogo ya takriban sentimita 46 kila upande, kwa hiyo haikulazimika kusinyaa sana. Nyekundu kubwa ya juu kulia hutokana na wino wa majenta (waridi iliyokolea) na wa njano kuchapwa mmoja juu ya mwingine. Pleti moja, yaani bamba linalochapa rangi moja, ikisogea hata kidogo, uzi wa njano au waridi huchungulia kando ya mstari mweusi. Hapa hauchungulii, na mistari myeusi imebaki na unene tofauti kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo ipitishe kadi yako chini ya kioo cha kukuzia kabla ya kulipa, maana pleti huweza kuteleza katikati ya kazi na kadi za pakiti nyingine zisifanane na hizi.

Ad Parnassum ya Paul Klee (1932) inaweza kuharibika kwa namna yake: vidoa vidogo vilivyopangwa safu kwa safu vikigongana na safu za nukta za uchapaji, huzuka mawimbi yasiyokuwamo kwenye mchoro. Kadi hii haina mawimbi. Kadi ya Hilma af Klint, kutoka mfululizo wake mkubwa wa 1907, nayo imefaulu. Alitumia tempera juu ya karatasi, rangi isiyong'aa, na lamineshi hii inaendana nayo.

Black Square ya Kazimir Malevich, 1915, inunuliwe kwa sharti moja: uione mipasuko. Weusi wa mchoro ule umepasuka kwa umri, na rangi za chini zinaonekana. Mchapaji akizidisha giza, mipasuko hupotea ukabaki na kadi nyeusi tu. Pambizo nyeupe inayozunguka mraba nayo ni sehemu ya mchoro, isikatwe.

Bluu ya Yves Klein haiwezekani kwa wino nne za kawaida: samawati, majenta, njano na nyeusi. Aliisajili fomula yake Ufaransa mwaka 1960: unga wa ultramarini, bluu iliyokolea, ndani ya gundi ya sintetiki inayouacha ung'ae kama unga mkavu. Samawati na majenta zikichanganywa huzaa bluu iliyochoka yenye kuelekea zambarau. Dawa yake ni wino maalumu wa tano, nao haukutumika. Kadi mbili za Mark Rothko zina kosa jingine: picha imeongezewa ukali kwenye kompyuta, na kingo alizoziacha zikipumua zimekuwa kama zimekatwa kwa mkasi.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina neno. Wakati wa kiangazi upande wa nyuma, usio na plastiki, hupoteza unyevu na kusinyaa, mbele hausinyai. Kadi inapinda, picha ikitokeza nje. Zihifadhi zikiwa bapa chini ya kitabu kizito, ndani ya bahasha kwa ajili ya vumbi, kwani chembe za mchanga hukwaruza lamineshi, hasa kwenye nyeusi. Ukizitia kwenye fremu, ukuta usipigwe na jua la moja kwa moja. Majenta na njano hufifia kabla ya samawati na nyeusi, na nyekundu ya Mondrian ndiyo itakayotangulia kufa.

Kwa kutuma, andika kwa kalamu ya biki, ujumbe kushoto na anwani kulia. Kalamu ya jeli huchelewa kukauka na huchafua kadi ya jirani. Mhuri wa posta na mashine za kupanga barua havichagui pa kugusa, kwa hiyo kadi ya kutundikwa ukutani itie kwenye bahasha.

Pengo kubwa la pakiti hii liko karibu. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, imo ndani ya mkoa huuhuu, na pale Kolo kuna maumbo ambayo yangesimama kando ya maduara ya Kandinsky bila aibu yoyote. Wenye maduka waiombe. Wino mwekundu wa udongo ni rahisi kuchapa kuliko bluu ya Klein.