TAHADHARI: Anayeuza miguu ya "Singer ya Clydebank, 1870"

Wapenzi wa meza za kizamani, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza miguu ya cherehani za zamani, ile tunayotengenezea meza. Jina simtaji, ila tangazo lake mtalijua: "Singer orijino, Clydebank Scotland, 1870." Laki sita, na nusu anataka utume kwa simu kabla hujauona mzigo.

Anzeni na huo mwaka. Kiwanda cha Singer cha Clydebank kilifunguliwa 1885, kikafungwa 1980. Mwaka 1870 walikuwa bado Glasgow. Ukimbana anakutumia picha ya namba, tena inayoanza na herufi Y. Namba hiyo hugongwa kwenye kichwa cha cherehani, haisemi lolote kuhusu miguu iliyo chini yake. Na herufi zenyewe Singer walianza kuzitanguliza mwaka 1900!

Mteja mmoja kaniletea jozi aliyouziwa na huyu bwana, nimtengenezee meza. Kuinyanyua tu, nyepesi. Sumaku haishiki. Alumini tupu, imepigwa rangi nyeusi. Kiungo cha katikati ndicho chuma, cha mashine nyingine kabisa, na neno SINGER limekatwa kwenye bati likachomelewa juu yake; ukipitisha kidole unaukuta mshono. Kwenye miguu ya kweli herufi zilimiminwa pamoja na chuma chenyewe kwenye kalibu ya mchanga, ni kitu kimoja. Skrubu nazo, zote za nyota, aina iliyoingia sokoni miaka ya 1930. Moja au mbili ningesema kuna fundi alikarabati. Zote, hapana.

Sina ugomvi na alumini, meza inasimama vizuri tu. Lakini iuzwe kwa jina lake na bei yake.

Nasikia anazo pia za kasti kweli, yaani chuma cha kumiminwa, zilizopasuka. Kasti haipindi, ikianguka inapasuka, naye anaziba ufa kwa puti na kupaka rangi. Kwaruza kwa ufunguo pale miguu inapoungana na kiungo cha katikati, akikataa, ondoka.

Za kweli bado zipo, tena kwa bei ya kuzungumzika. Ulizia kwa mafundi nguo waliohamia cherehani za mota, wengi wameacha ile ya miguu uani.

Aliyeuziwa na huyu jamaa anitumie inbox picha za mzigo na ujumbe wa muamala. Tukiwa wengi tunakwenda polisi pamoja.