Yamaha FG800 yuzidi, laki nne Arusha

Kama ulianza na gitaa la Yamaha F310 kama mimi na sasa unaona inakubana, nimechukua FG800 yuzidi Njiro kwa mzungu wa kujitolea aliyekuwa anamaliza muda wake, anauza kila kitu mpaka masufuria. Alianza na laki tano na nusu, tukamalizana laki nne na begi ndani. Arusha hapa kwa kweli hao ndo watu wa kuwavizia maana tiketi ya ndege ikishakatwa hawana muda wa kuvutana na wewe wiki nzima, tofauti na madalali wa mtandaoni ambao gitaa la shingo iliyopinda wanakuandikia "kama mpya boss".

Sasa tofauti iko wapi. F310 juu ni plaiwudi, FG800 ubao wa juu ni sprusi halisi, toleo hili lilitoka 2016. Usiamini mdomo wa muuzaji, chungulia ukingo wa tundu la sauti, mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja toka juu mpaka ndani hiyo ni mbao halisi, ukiona matabaka kama chapati za kusukuma basi ni plaiwudi na bei ishuke. Sauti jamani! Besi imejaa, ukipiga G ya wazi inabaki inalia huku wewe ushahamia kodi (chord) nyingine. Kwenye fellowship yetu hatutumii maiki na hata walioko nyuma wanaisikia. Ila shingo ni ndefu kidogo, urefu wa nyuzi zake ni milimita 650 na F310 ni 634, so nyuzi zinavuta zaidi, vidole vitalalamika mwanzoni.

Ambacho sikukipenda ni nyuzi kuwa juu, pale freti ya 12 (vile vichuma vya kwenye shingo) zilikuwa zimenyanyuka kama milimita 4, kodi ya F ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja unakunja uso. Hapo usikimbilie kusaga kile kimfupa cha kwenye briji (kibao kinachoshika nyuzi pale juu ya ubao), ukishakisaga hakirudi. Angalia shingo kwanza, yangu ilikuwa imevutwa mbele na nyuzi nene za 12, fundi wa magitaa Ngarenaro akaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye tundu la sauti akakaza chuma cha ndani ya shingo taratibu, akaiacha ipumzike, ndo akamalizia kwa kusaga kidogo. Sasa ni 2 na nusu, tamu. Fundi elfu 40 na nyuzi mpya za 11, nyembamba kidogo, nikanunua mwenyewe, kwa hiyo hiyo hela iweke kwenye hesabu kabla hujafika bei na muuzaji. Na tafadhali fundi wa magitaa, sio seremala wa vitanda.

Kingine cha kukagua, pitisha karatasi chini ya briji kwa nyuma, ikiingia ujue briji inabanduka, achana nayo hata kwa laki mbili. Nyufa pia, maana mbao halisi inaumwa na ukavu kuliko plaiwudi, huu upepo mkavu wa Januari na Februari usiiache imening'inia ukutani, irudishe kwenye begi.

Haina pikapu (kifaa cha kuchomeka gitaa kwenye spika) lakini. Mkiwa mnapiga na spika kubwa kanisani tafuteni FGX800C, hiyo inakuja nayo.